Nyumba ya Mawe ya Mtoni

Jioni ya leo twataka kuwachukua mpaka Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, kando ya bahari, tuitazame nyumba ya shamba ya Seyyid Said bin Sultan. Seyyid alifika Unguja mara ya kwanza mwaka 1828, na jumba hili ndilo la kwanza alilojijengea kisiwani. Humo alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844, naye katika kitabu chake cha mwaka 1886 alieleza habari za ua mpana wenye tausi, paa na mbuni, na roshani ya mviringo ya mbao, ambamo baba yake alikuwa akitembea huku na huku, kichwa ameinamisha.

Roshani hiyo haipo tena. Kuta zilizosalia ndizo zifundishazo.

Mawe yake ni matumbawe. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakamwagiwa maji. Kwa chokaa hiyo waliunga kuta nene, dhiraa moja na kuzidi. Juu ya kuta walilaza boriti za mikoko, juu ya boriti mawe, na juu yake sakafu ya chokaa iliyopondwa kwa vijiti siku nyingi.

Hapa pana jambo ambalo sisi tulikosea ujanani. Tulipoona vyumba virefu lakini vyembamba katika nyumba za namna hii, tulidhani watu wa kale walipenda kubanana. Siku moja tukapima kwa kamba: upana haukupita futi 10. Boriti ya mkoko haistahimili nafasi kubwa kuliko hiyo. Kumbe mti wa pwani ndio uliopima chumba cha mfalme!

Adui wa nyumba hizi ni mvua. Sakafu ya juu ikipasuka, vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta, na dari huanguka. Wengine, kwa nia njema, huziba nyufa kwa saruji. Lakini saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji hufungwa ndani, chumvi hulila jiwe, na mwishowe kipande chote hubanduka. Fundi ajuaye chokaa ndiye tabibu wake, na mafundi hao wamebaki wachache. Akiwapo mmoja kijijini kwenu, mpelekeeni vijana wawili watatu wakamshikie mwiko.