Kivuli kwa Aliyetibiwa Saratani

 



Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akihutubia, akamwona mtu amesimama juani. Akauliza habari zake. Akaambiwa kuwa huyo ni Abu Israil, ameweka nadhiri ya kusimama asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na huku afunge. Mtume akaamrisha kwamba mtu huyo aseme, akae, aingie kivulini, na saumu yake aitimize. Tazameni alivyoyapambanua mambo: saumu aliiacha kwa kuwa ni ibada, na jua akaliondoa kwa kuwa kuuadhibu mwili si ibada.

Nimeikumbuka habari hii kwa ajili ya mama mmoja wa mtaani kwetu. Alitibiwa saratani ya titi kwa upasuaji na kwa mionzi, akarudi nyumbani, jamaa wakafurahi, pilau ikapikwa. Haukupita muda mrefu akawa ufukweni akianika mwani tangu asubuhi hata alasiri, khanga imemteremka begani. Ngozi ya bega na ya chini ya shingo ikaungua, ikatoka malengelenge. Hapana aliyemtakia shari. Walimwambia tu, “Si umekwisha pona?” Nao walidhani kupona ni kurudi kama alivyokuwa kwanza.

Sivyo, ndugu zangu. Mionzi huziua seli za saratani, lakini njia yake ya kuzifikia ni kupita katika ngozi. Ngozi ile baadaye yaweza kuwa kavu na nyembamba, na kwetu sisi wenye rangi nyeusi mara nyingi huzidi weusi pale ilipopigwa. Weusi huo hupungua polepole, pengine usiishe wote. Udhaifu wake mbele ya jua, huo hudumu miaka mingi, na madaktari hushauri sehemu hiyo ikingwe maisha yote. Tena zipo dawa za saratani, kama fluorourasili na methotreksati, ziwezazo kuifanya ngozi ya mwili mzima iungue upesi. Basi yule asemaye kwamba mtu mweusi haungui na jua, amesema asilolijua.

Wako watu wa Ulaya wajao katika fukwe zetu kulala juani ili rangi yao ikolee. Kwao kuna hata vitanda vya taa vya kuwababua watu ngozi, na mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vitanda hivyo katika daraja moja na tumbaku miongoni mwa visababishi vya saratani. Sisi twawacheka. Lakini katika nyumba zetu mna kopo la mkorogo. Wao wautafuta weusi, sisi twaukimbia, na ngozi ndiyo ilipayo gharama.

Hapa nataka akina mama na mabinti wanisikilize vema. Mgonjwa aliyetoka katika mionzi huliona lile baka jeusi shingoni au kifuani, akaona haya, na shoga yake akamletea krimu ya kulichubua. Krimu hizo huenda zikawa na zebaki, au haidrokwinoni, au steroidi zipunguzazo unene wa ngozi. Huiondoa ile rangi ambayo ndiyo kinga ya ngozi, tena mahali palipokwisha dhoofika. Hiyo si hisani. Hata liwa, ndimu na majani ya kuponda yasipakwe pale kabla ya kumwuliza daktari.

Ajikinge vipi, basi? Jua la kwetu, karibu na Ikweta, ni kali mwaka mzima, na ukali wake mwingi ni baina ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Mawingu hayalizuii lote, na mchanga mweupe huurudisha mwanga usoni. Avae nguo iliyofumwa kwa kushonana. Nguo ukiinyanyua kwenye mwanga ukaona upande wa pili, kinga yake ni ndogo. Kofia zetu hizi za kanzu, kwa uzuri wake wote, hazifuniki masikio wala shingo: aongeze shali, au mwavuli, au pama la ukindu. Ngozi isiyofunikika apake dawa ya kuzuia jua ya daraja la 30 au zaidi, arudie kila baada ya saa mbili. Ikiwa bado yumo katika siku za mionzi, asipake chochote ila kwa ruhusa ya wanaomtibu.

Katika udhu na josho asisugue, na akaushe kwa kugusisha kitambaa laini. Ile mistari ya wino achorwayo hospitali ndiyo dira ya mionzi, asiifute. Tabibu mwaminifu akisema maji yatadhuru mahali fulani, wanazuoni wa Kishafii wameeleza kuwa huosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya pale padhurikapo. Naye amwulize mwalimu wake, asijikalifishe. Yule sahaba aliyejeruhiwa kichwani, wenziwe wakamwambia hana ruhusa ila aoge, alioga akafa, na Mtume akawalaumu vikali kwa kutoa hukumu bila ya kuuliza.

Na sisi wa jamaa tuna letu. Kila Ijumaa safu hufurika hata uani, juani. Mwenye maradhi ana udhuru wa kuswali nyumbani, lakini akija, kijana mwenye afya na atoke nje ampishe ndani. Vivyo hivyo katika uwanja wa Idi. Na ndugu zetu wenye ualbino, ambao hospitali zetu, kama ile ya Ocean Road, Dar es Salaam, huwapokea wengi wenye saratani ya ngozi, wao wamestahili kivuli hicho tangu utotoni, hata kabla ya ugonjwa. Huko KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga na jua; mzazi na ayaulizie.

Yule mama sasa huenda pwani alfajiri, na mwani wake huanikwa na wanawe. Ameambiwa kwamba akiona kidonda kisichopona kwa majuma matatu au manne, au uvimbe mpya, au doa linalobadilika, hata ikiwa miaka kumi imepita, asingoje siku ya miadi.