Asali ya Tabora na Soko la Nje: Chama Kinachostahili Kusaidiwa



Tabora haikuanza jana kupeleka mali yake ng'ambo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, mahali hapo palikuwa tayari njia panda ya misafara: njia moja ikielekea Ujiji, nyingine kaskazini, na iliyo kuu ikishuka hadi Bagamoyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mabegani mizigo ya kilo 30 hivi, kirangozi akiwatangulia. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mizigo ikahamia behewani. Hata hivyo, jambo moja halikubadilika upesi: mali ilitoka bara, nayo bei ikakatwa pwani na watu wasiojua jasho la mbebaji.

Mfuga nyuki wa leo yumo katika hatari iyo hiyo. Asali yake ya miombo, iliyotokana na maua ya mtundu na muva, hununuliwa kijijini kwa dumu na mtu asiyeuliza jina lake, na huko iendako haijulikani kuwa ni ya Tabora. Lakini njia ya pili ipo, na imekwisha kupitwa. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora, kilichoanzishwa miaka ya 1960, kiliwahi kuifikisha asali yake Uingereza.

Yako mashirika ya umma yanayosaidia wazalishaji wadogo kujiandaa kwa soko hilo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara, TanTrade, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2009. Misaada yao ni mafunzo, ushauri wa vifungashio, maonyesho na kuunganishwa na wanunuzi. Vyama vingi hudhani kwamba msaada huo hupatikana kwa kuandika barua nzuri. Sivyo. Msaada wa kujiandaa humfaa aliyekwisha kuanza kujiandaa, na ushahidi wa kuanza huko umo katika kabati la Katibu.

Kwanza ni uhalali wa chama. Cheti cha usajili kiwepo, pamoja na masharti ya chama kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, namba ya mlipa kodi, na hesabu zilizokaguliwa. Muhtasari wa Mkutano Mkuu uonyeshe kwamba wanachama wenyewe waliamua kuuza nje. Uamuzi wa Mwenyekiti na Katibu peke yao si uamuzi wa chama. Na kama mpango unahitaji mkopo, usivuke ukomo wa madeni uliokubaliwa.

Pili ni ubora. Kanuni za kimataifa na za Umoja wa Ulaya hutaka kwamba, kwa kawaida, maji katika asali yasizidi asilimia 20. Chukua mfano wa pipa moja la kilo 300, lililojazwa kwa ndoo 15 za kilo 20. Ndoo 11 zina maji asilimia 19, na ndoo 4 zilirinwa kabla asali haijaiva, zina asilimia 24. Pipa zima litakuwa na asilimia 20.3, nalo litakataliwa. Wanachama wanne wamepoteza jasho la kumi na mmoja. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Kwa hiyo kila ndoo ipimwe kwa kipima maji mbele ya mwenye mali, kabla ya kumiminwa. Asali iliyounguzwa kwa moto, yenye harufu ya moshi, au iliyotiwa katika dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa, irudishwe bila kuangalia sura ya mtu. Na kwa kuwa Tabora ni nchi ya tumbaku, mizinga iwekwe mbali na mashamba yanayopigwa dawa, maana maabara za ng'ambo hupima hata mabaki ya dawa.

Tatu ni kumbukumbu. Daftari la mapokezi lionyeshe tarehe, jina la mwanachama, kijiji, msitu, uzito, kipimo cha maji na namba ya pipa. Mnunuzi akileta lalamiko juu ya pipa namba 7, Katibu aweze kufungua ukurasa na kutaja ndoo zilizoingia humo. Chama kisichoweza kufanya hivyo hakijawa tayari, hata kama ghala lake limejaa.

Nne, na hapa ndipo vyama vingi huanguka, ni fedha za kungojea. Malipo ya nje huchukua muda, na ada ya shule haingoji meli. Mwanachama akikosa senti, atauza kwa mpita njia usiku, na chama kitashindwa kutimiza mkataba. Kumwita msaliti hakutaleta asali ghalani. Ni wajibu wa Halmashauri kupanga malipo ya awali kabla ya msimu, kutangaza wazi salio litalipwa lini, na kuahidi nje kiasi kile tu ambacho chama kina hakika nacho. Sehemu nyingine iuzwe nchini, ipate kuwalisha watu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini mwenye njaa naye hawezi kuambiwa asubiri bila chakula.

Basi, kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi, kila chama kiweke mezani mambo hayo manne na kijikague. Penye upungufu paandikwe, na mwenye kupashughulikia atajwe. Chama kitakachoona kwamba hakijafika, kiuze nchini msimu huu, kinunue kipima maji, na kifungue daftari. Kusubiri msimu mmoja si aibu. Aibu ni kupeleka pipa baya kwa jina la Tabora, maana litakaporudishwa, jina litakaloharibika ni la wafuga nyuki wote.