Maji Ndiyo Adui wa Nyumba Zetu
(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Unguja)



Nimetakiwa niseme juu ya matengenezo ya nyumba. Nitasema juu ya nyumba za mawe za Mji Mkongwe, maana wengi wetu tuna fungu humo, hata tunaoishi Dar es Salaam au Maskati.

Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zake hubebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji na kuyatoa wenyewe, ukiachwa upumue. Fundi wa haraka huja akaupiga lipu ya saruji, ukapendeza, mwenye nyumba akafurahi. Kumbe maji yamefungiwa ndani. Huozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani, mahali jicho lisipofika, hata sakafu ikaanguka. Rangi ya mafuta nayo ni ndugu yake saruji. Lipu ya chokaa ndiyo inayofaa, ila yataka subira kukauka.

Kubwa zaidi ni paa. Mchirizi ulioziba majani humwaga maji ukutani masika nzima. Kuuzibua mwezi wa Februari ni kazi ya asubuhi moja, kwa ngazi na mtu wa kuishika. Mche ulioota ukutani nao ung'olewe ungali mdogo, kwani mizizi yake hupasua mawe.

Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika kutengenezwa, na watu wawili walikufa.

Lakini tusidanganyane, ndugu zangu, kwamba shida yetu ni chokaa. Nyumba ya urithi ina warithi kumi na wawili, na kila mmoja anamngoja mwenziwe. Anayekaa humo husema nyumba si yake peke yake; aliye mbali husema yeye hakai humo. Kodi ya duka la chini hugawanywa mpaka senti ya mwisho, na ya mchirizi haitengwi! Napendekeza fungu la kwanza la kodi liwe la nyumba yenyewe, liandikwe daftarini, alishike mmoja mnayemwamini, hata akiwa mdogo wenu.

Baada ya chakula nitakuwa pale uani na pipa la chokaa iliyolowekwa. Vijana wanaotaka kushika mwiko waje, na wazee pia hawakatazwi.