Kalamu Moja, Jeshi Zima Likakosa Kazi



Mada niliyopewa ni uongozi. Nitaanza na filamu tuliyoitazama chuoni, mimi na wenzangu wa chumba kimoja. Yaitwa No End in Sight, aliitoa Mmarekani Charles Ferguson mwaka 2007, na inahusu vita vya Iraq.

Nakiri, nilikaa nikitarajia sifa za Marekani. Kumbe sivyo! Wanaosema mle ni watu waliotumwa na serikali yao wenyewe: Jenerali Jay Garner, Balozi Barbara Bodine, Kanali Paul Hughes. Wao ndio wanaoeleza jinsi mambo yalivyoharibika.

Hebu fuatana nami. Kwamba silaha zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikupatikana, hilo mwalijua. Sasa sikia haya. Afisi ya kushughulikia Iraq baada ya vita iliundwa Januari 2003, na vita vikaanza Machi. Miezi miwili! Jamani, hapa kwetu hata harusi haitoshi. Baghdad ilipoanguka tarehe 9 Aprili, uporaji ukaanza. Wizara ya Mafuta ikalindwa. Makumbusho ya Taifa yakaachwa, vitu kiasi cha 15,000 vikaibwa. Maktaba ya Taifa ikachomwa moto. Ghala za silaha nazo wazi.

Mwezi Mei akaja Paul Bremer kushika nafasi ya Garner. Kiarabu hakijui. Tarehe 16 akatoa amri ya kuwafuta kazi wakubwa wa chama cha Baath, wakiwemo walimu na wataalamu waliojiunga ili wapate kazi tu. Tarehe 23 akalivunja jeshi. Kanali Hughes alikuwa akizungumza na maafisa wa Iraq ili askari warudi kazini. Yeye hakuulizwa.

Piga hesabu mwenyewe. Mwanamume ana watoto, mshahara umekatika, heshima imevunjwa, bunduki anaijua, na ghala halina mlinzi. Utashangaa yaliyofuata? Marekani ilikuja kutangaza posho kwa askari wale, lakini baadhi yao walikuwa washaingia kwa wapiganaji. Waliolipa ni raia, kwa maelfu na maelfu.

Filamu ilipokwisha, mwenzetu mmoja akaniuliza: "Na wewe je, katibu?" Nikanyamaza. Wiki ile kamati yetu ya futari ilikuwa imehamisha mahali pa kupikia bila ya kuwauliza akina mama wanaopika. Mama mmoja alinionya kuwa maji hayafiki kule. Nikamjibu, "Mama, mambo yashapangwa." Siku ya kwanza watu walifuturu kwa tende na maji, chakula kikaja baada ya Isha.

Najua, sufuria na vita havilingani. Lakini ugonjwa ni ule ule: aliye juu hamuulizi anayeijua kazi, na akionywa huona amedharauliwa. Shura tumesomeshwa madrasa tangu wadogo, tukaihifadhi kwa mtihani.

Kesho yake nilienda kwa yule mama, nikamwomba radhi, tukarudisha jiko. Wewe ukishika uongozi, hata wa watu watano, waulize kwanza. Kuna makosa ambayo radhi hairudishi kitu.