Kuutazama Mwaka Uliopita: Furaha, Machungu na Deni la Haki

(Mada iliyotolewa katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia, Januari 2026)



Mmetuomba tuzungumze nanyi juu ya namna Mkristo anavyopaswa kuutazama mwaka uliokwisha. Ombi hili limekuja kwa wakati wake. Tarehe 6 mwezi huu, Sherehe ya Tokeo la Bwana, Baba Mtakatifu Leo XIV aliufunga Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro, mlango ambao mtangulizi wake, Papa Fransisko, aliufungua usiku wa tarehe 24 Desemba 2024. Hivyo Mwaka wa Jubilei umekwisha. Inafaa tujiulize umetuacha wapi.

Tulipoanza kuandaa mada hii tulidhani tungewaletea mafundisho yaliyomo vitabuni. Baadaye tuliona kwamba si haki kuwaomba ninyi mjichunguze huku mchungaji wenu amejificha nyuma ya vitabu. Padre naye ana mwaka wake. Kwa hiyo tutaanza na mwaka wetu wenyewe.

1. Daftari la mwaka

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuwaachia wenye maduka, lakini hata siku za mtu ni mali aliyokabidhiwa na Mungu. Usiku wa tarehe 31 Desemba, baada ya Misa ya shukrani, tulikaa mezani, tukafungua daftari la kawaida la shule, tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto tuliandika furaha za mwaka, upande wa kulia machungu yake.

Upande wa kushoto ulijaa upesi. Tuliandika kwanza paa la kanisa la kigango chetu cha mbali. Kwa miaka minne Wakristo wa kigango kile walisali chini ya turubai, na masika walisali wakiwa wamelowa. Mwaka jana, tarehe 15 Agosti, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tuliadhimisha humo Misa ya kwanza chini ya mabati mapya. Mzee mmoja alitazama juu muda mrefu, akacheka, akasema: sasa mvua na ije. Tuliandika pia watoto 64 waliopokea Komunyo ya Kwanza, na hija ya Jubilei tuliyokwenda na vijana kwa miguu hadi kanisa kuu la jimbo.

Upande wa kulia tuliandika kwanza kifo cha mama yetu mzazi, aliyefariki dunia mwezi wa Februari baada ya kuugua muda mrefu. Tuliandika Jumatatu ya Pasaka, tarehe 21 Aprili, Papa Fransisko alipoaga dunia, siku moja tu baada ya kutoa baraka ya Pasaka kwa sauti iliyokwisha kudhoofika. Tuliandika siku zilizofuata uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, watu walipopoteza maisha, intaneti ilipozimwa, na amri ya kutotoka nje usiku ilipotangazwa Dar es Salaam. Tunaye mpwa wetu anayefanya kazi huko. Siku nne hatukuipata sauti yake. Siku ya tano alipiga simu, naye alikuwa mzima. Tulimshukuru Mungu kwa machozi, kisha tukaona haya, maana wako wazazi ambao simu yao haikulia.

2. Furaha na machungu havikai mbalimbali

Tulipoyasoma tena tuliyoyaandika, tuliona kwamba mstari wa katikati haukuwa wa kweli.

Tuchukue msiba wa mama. Tuliuandika upande wa machungu, na ulikuwa mchungu kweli. Lakini nani alichimba kaburi? Walilichimba vijana wa kijijini, na baadhi yao ni Waislamu, watoto wa majirani aliokuwa akiwagawia maziwa. Nani aliwasha moto siku tatu mfululizo na kuwapikia waombolezaji? Ni wanawake ambao wengine wao hatukuyajua hata majina yao. Sisi tuliozoea kuwafariji wengine misibani tulifarijiwa, tena na watu tusiokuwa na cha kuwalipa. Basi ndani ya machungu yale mlikuwa na neema ambayo hatukuiandika.

Tukarudi upande wa furaha. Tukalitazama lile paa. Hapo, ndugu zangu, kalamu yetu ilisimama.

3. Jambo ambalo hatukuliandika

Tunaomba mtusikilize kwa uvumilivu. Jambo hili tunalisema kwa ruhusa ya mama linayemhusu, na jina lake tunalihifadhi.

Mwezi wa Machi mwaka jana, katika siku za Kwaresima, alitujia mama mmoja mjane wa parokia yetu, mwenye watoto watatu. Mumewe alifariki mwaka 2024. Walikuwa na shamba la ekari mbili walilolifyeka na kulilima pamoja kwa miaka kumi na mitano. Mama yule alikuwa amelipanda mahindi, nayo yalikuwa yamekwisha kutoa mbelewele. Ndipo shemeji yake alipotangaza kwamba shamba ni mali ya ukoo, na kwamba mavuno ni yake. Mama hakutuomba fedha. Alituomba tumwite shemeji yake tuzungumze naye, kwa kuwa alijua kwamba angetusikiliza.

Ni kweli, angetusikiliza. Shemeji yule alikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi, na ndiye aliyekuwa ameahidi mabati 80 kwa ajili ya kigango. Tulimwambia mama: vumilia kidogo, tutazungumza naye ujenzi ukiisha. Tulimbariki, akaenda zake.

Mwezi wa Julai mahindi yalivunwa, na si na yeye. Yalikuwa magunia tisa. Tarehe 15 Agosti tulimshukuru mfadhili wetu kwa jina mbele ya waamini, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama yule alikuwapo, amekaa karibu na mlango. Tulimwona. Septemba binti yake aliacha shule, kwa sababu shule ile ya bweni huwataka wazazi wachangie mahindi ya chakula, na nyumbani hayakuwapo. Mama akaanza kulima vibarua katika mashamba ya watu.

Aliyetuamsha ni katekista mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Jioni moja, tulipokuwa tukifunga hesabu za ujenzi, alituambia: "Baba, paa tumepata. Yule mama je?" Hatukuwa na jibu.

Bwana wetu alitoa mfano wa mjane aliyemsumbua kadhi asiyemcha Mungu mpaka akampatia haki yake (Luka 18:1-8). Mfano huo tumeuhubiri mara nyingi, na kila mara tulijiweka upande wa mjane. Mwaka 2025 sisi tulikuwa upande wa kadhi. Tena kadhi yule alimzidi padre wenu kwa jambo moja: mwishowe alimsikiliza mjane aliyekuwa akimjia, lakini mjane wetu alikuja mara moja tu, akatuamini tulipomwambia avumilie, akanyamaza.

4. Yaliyofuata

Mwezi wa Oktoba tulikwenda nyumbani kwake pamoja na katekista. Tulimwomba msamaha. Alitukaribisha viti, akatupa maji, akakaa kimya kitambo. Kisha alisema kwamba ametusamehe, lakini mahindi hayawezi kurudi mabuani. Maneno hayo tumeyaandika katika daftari kwa wino mwekundu.

Tulikwenda pia kwa shemeji yake. Hakupendezwa. Alituuliza kwa nini tulinyamaza tulipokuwa tukiyahitaji mabati, na kwa nini sasa tunasema. Swali lake lilikuwa la haki, na tulikiri hivyo mbele yake. Ndipo wajumbe wa Haki na Amani wakamsindikiza mama kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Ninyi viongozi mnapaswa kulifahamu baraza hilo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baraza lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 20, inasema kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hayo yote yalikuwapo mwezi wa Machi. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mama na kufuatana naye.

Mwezi wa Novemba, kabla ya mvua za kwanza, mama alirudishiwa shamba lake, naye amelipanda. Katika magunia tisa amerudishiwa matatu. Binti amerudi shuleni wiki iliyopita, kwa mchango wa Jumuiya yake na wa padre wenu. Lakini muhula alioupoteza hautarudi. Shemeji ametoka katika kamati, na Misa zetu hahudhurii tena. Naye pia ni kondoo wa zizi hili, na tulichangia kumpoteza tulipompigia makofi wakati tulipopaswa kumwambia ukweli. Mara mbili tumekwenda kumtembelea, na mara mbili tumekuta mlango umefungwa. Tutakwenda tena.

Mmoja wenu ametuuliza kama yafaa tuyang'oe yale mabati. Tumetafakari, na tunaona kwamba paa libaki, maana walio chini yake hawana kosa. Lakini tusilihesabu tena kuwa furaha tupu. Liko deni juu yake, na deni hilo ni letu.

5. Tunajifunza nini

Kwanza, tuutazame mwaka kwa safu tatu. Tukiandika furaha zetu na machungu yetu tu, tumejitazama wenyewe. Safu ya tatu iwe ya wale ambao furaha yetu iliwagharimu, au ambao tuliwaambia wangoje. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwafundisha watu kuichunguza dhamiri kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku yote, kuomba msamaha, na kuazimia kurekebisha. Wengi wetu huishia hatua ya kwanza, halafu tukaimba.

Pili, kitubio cha kweli kina malipizi. Zakayo hakusema tu kwamba amejuta. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne yeyote aliyemdhulumu (Luka 19:1-10). Jubilei ya Agano la Kale, kama isemavyo sura ya 25 ya Mambo ya Walawi, ilikuwa mwaka wa kila mtu kuirudia ardhi yake. Tulikwenda hija kwa miguu hadi kanisa kuu, na ilikuwa vema. Lakini njia fupi zaidi ya Jubilei ilikuwa ile inayokwenda nyumbani kwa mjane, na hiyo tulichelewa kuipita. Bwana anatuagiza kuiacha sadaka mbele ya altare na kwenda kwanza kupatana na ndugu (Mathayo 5:23-24). Mwaka jana tulifanya kinyume: tulipokea sadaka, na ndugu tukamwacha.

Tatu, tunapoiombea nchi yetu, na tunapodai ukweli na haki kwa ajili ya waliofiwa na waliojeruhiwa mwezi wa Oktoba, na tufanye hivyo bila woga. Tukumbuke hata hivyo kwamba sauti yetu itakuwa na uzito kadiri tunavyokubali kuulizwa sisi wenyewe. Anayewaomba wakubwa waseme ukweli juu ya makaburi, aanze kwa kusema ukweli juu ya magunia tisa.

Ndugu wapendwa, hatukuwasimulia haya ili mtuhurumie. Tuliyasimulia kwa sababu tunaamini kwamba katika kila kigango kuna mama aliyeambiwa avumilie. Rudini mkamtafute. Mvua zimekwisha kuanza.

Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya

1. Katika mwaka uliopita, ni nani alitubeba tulipokuwa katika machungu? Je, tumekwisha kumshukuru?
2. Ni nani katika Jumuiya yetu aliyeomba msaada wa haki yake tukamwambia angoje? Kwa nini tulimwambia hivyo?
3. Je, tunawafahamu wajumbe wa Baraza la Ardhi la kijiji chetu? Nani atafuatana na mjane au yatima anayetaka kwenda huko?
4. Mtu mwenye kosa akiwa mfadhili wa Kanisa, tumwendee namna gani ili tusimwonee wala tusimwogope?