Mistari kwenye Kioo

Laptopu yako inaonyesha mistari, rangi za ajabu, au giza tupu? Usikimbilie kumpa fundi dola zako. Azima waya wa HDMI, uiunge laptopu kwenye televisheni.

Picha ya televisheni ikiwa safi, kwa kawaida chipu ya picha ni nzima. Mgonjwa huenda ni kioo, au ule utepe mwembamba wa waya unaopita kwenye bawaba. Chezesha kifuniko polepole: mistari ikija na kupotea, shuku utepe kwanza, maana kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya kioo.

Televisheni nayo ina mistari? Zima, washa, tazama nembo ya kwanza kabisa. Nembo safi, kisha fujo Windows ikiingia: huenda ni programu inayoendesha picha, iweke upya. Nembo yenyewe imechafuka: hapo huenda ni chipu, na adui wake ni joto. Vumbi letu jekundu la kiangazi hapa Likasi huziba feni, na laptopu juu ya godoro hukosa hewa.

Lakini si vumbi peke yake: chipu nyingine huwa na kasoro tangu kiwandani. Mwaka 2008 kampuni ya chipu za picha NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikiharibika.

Fundi akisema ataipasha chipu moto ipone, muulize itadumu muda gani. Mara nyingi ugonjwa hurudi. Na kama televisheni bado inaonyesha chochote, nakili mafaili yako leo, umeme ungalipo.