HESABU ZA KILA SIKU: SAA YETU NA SAA YA LONDON

Kila mtu na ashike daftari na kalamu. Mwenye kalenda ya mwaka 2026 aiweke mbele yake. Leo tutajumlisha na kutoa, lakini tutakachojumlisha ni saa.

Tumfikirie mama mmoja aliyepanga fremu ya kuuza vitenge Mtaa wa Kongo. Binti yake ni muuguzi katika hospitali ya London. Mwisho wa mwezi binti humtumia mama fedha za kodi ya fremu, na ni lazima wasemezane kwa simu ili mama apewe namba ya siri ya kuchukulia fedha hizo. Binti hupumzika nusu saa tu, tangu saa 6 mchana hadi saa 6 na nusu, kwa saa za London. Wakati mwingine wote simu yake imefungiwa kabatini. Mwenye nyumba naye hangoji. Je, mama apige simu saa ngapi?

Tanzania iko mbele ya London kwa saa 3. Saa yetu haisogezwi mwaka mzima. Waingereza husogeza yao mara mbili: Jumapili ya mwisho ya Machi huipeleka mbele saa moja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha nyuma. Mwaka 2026 Jumapili hizo ni tarehe 29 Machi na tarehe 25 Oktoba. Zitieni duara.

Kwa nini wanafanya hivyo? Hapa Dar es Salaam siku iliyo ndefu kuliko zote huizidi ile fupi kwa muda usiotimia saa moja. Ndiyo maana twaweza kuhesabu saa zetu tangu asubuhi bila taabu: muda mfupi baada ya jua kuchomoza ni saa 1, iwe Januari au Julai. London sivyo. Mwezi wa Juni mchana wao hupita saa 16. Desemba haufiki hata saa 8. Bwana mmoja, William Willett, alitoa shauri mwaka 1907 kwamba saa zisogezwe, kwa sababu wakati wa kiangazi watu wamelala na huku jua limekwisha panda. Hawakumsikiliza. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowashurutisha: Wajerumani walianza Aprili 1916, Waingereza wakafuata Mei, ili kuokoa makaa ya mawe. Ni vita ile ile iliyoleta hapa kambi ya wapagazi, Carrier Corps, ambayo ndiyo asili ya jina la Kariakoo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa wengi hupotea. London wakipeleka saa yao mbele, tofauti baina yetu inaongezeka au inapungua? (Kimya kidogo.) Inapungua. Fikirini watu wawili waliosimama Mtaa wa Uhuru, wote wakielekea Mnazi Mmoja. Wa mbele ni Dar es Salaam, wa nyuma ni London, na kati yao pana hatua 3. Wa nyuma akipiga hatua moja mbele, zimebaki 2. Basi wakati wa kiangazi chao jumlisha 2, na wakati wa baridi yao jumlisha 3. Andikeni:

Kiangazi: saa 6 + 2 = saa 8 mchana.
Baridi: saa 6 + 3 = saa 9 alasiri.

Mama amepiga simu saa 8 tangu Aprili hadi Septemba, na mambo yamekwenda vizuri. Ijumaa tarehe 30 Oktoba apiga tena saa 8. London ni saa ngapi? 8 toa 3 ni 5. Ni saa 5 asubuhi, binti yuko wodini. Hata hivyo mama hajapoteza kitu. Amewahi tu, na akingoja saa moja atampata. Hatari iko Machi. Tarehe 31 Machi akipiga saa 9, kama alivyozoea wakati wa baridi, London ni 9 toa 2, yaani saa 7. Mapumziko yamekwisha nusu saa iliyopita, na kodi italala hadi kesho.

Neno juu ya maandishi ya simu ya mkononi. Binti akiandika 13:30, hiyo ni saa ya Kizungu. Toa 6, utapata saa 7 na nusu mchana. Kisha jumlisha tofauti. Sita hiyo itolewe mara moja tu! Wako wanaoitoa kwa London, wakaitoa tena kwa Dar es Salaam, wakajikuta asubuhi.

Wapenzi wa mpira wanaijua hesabu hii bila daftari: mchezo unaoanza Uingereza saa 9 alasiri huonekana hapa saa 11 jioni mwezi wa Septemba, na saa 12 jioni mwezi wa Desemba.

Wenye kuagiza mizigo Guangzhou hawana shida. China iliacha kusogeza saa baada ya mwaka 1991, nao wako mbele yetu saa 5 daima. Dubai na Muscat wako mbele saa 1 daima. Wenye vurugu ni New York. Wako nyuma yetu saa 8 wakati wa baridi na saa 7 wakati wa kiangazi, lakini tarehe zao si za London: wao ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo baina ya tarehe 8 na 29 Machi, New York wamekwisha sogeza na London bado.

Zoezi. Mfanya biashara wa Mtaa wa Msimbazi ana kaka yake New York, ambaye hupatikana saa 2 asubuhi ya huko. Ampigie saa ngapi ya hapa tarehe 1 Machi 2026? Na tarehe 15 Machi je? Andikeni majibu mawili, na sababu ya kutofautiana kwake. Tutayasahihisha pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.